Jina la Maji Yaliyomchukua Deo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Nakuamkia nikiwa nimepiga magoti, ingawa hunioni. Wifi yangu Daphroza, najua wewe ndiye unayemsomea Mama barua hii. Marahaba kwa salamu zako, na Mungu akulipe kwa kumtunza. Msomee taratibu. Ukifika mahali sauti ikakukatika, pumzika, kunywa maji, halafu uendelee. Usiruke neno hata moja.

Mama, mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyoituma ilifika, au bado iko kwa yule kijana wa mabasi pale Tabora mjini? Nasikia mvua huko Ulyankulu zilikatika mapema na mahindi ya bondeni tu ndiyo yaliyoshika. Tumbaku je, mmepata watu wa kuwasaidia kuvuna? Sisi huku, mimi na mjukuu wako Imakulata, tu wazima wa mwili. Amepoteza meno mawili ya mbele, na Kiswahili chake kimeanza kuwa na lafudhi ya kizungu. Kila jioni namfanya asali kwa Kiswahili ili asisahau.

Sijakuandikia tangu msiba. Mara ya mwisho tuliposema kwa simu uliniambia kwamba mimi ndiye niliyempeleka mwanao kwenye maji. Sikukujibu. Si kwamba nilikasirika, Mama. Mimi ndiye niliyetangulia kuja Norwei kwa masomo ya kutunza wazee, kisha Deo akanifuata na mtoto mgongoni. Mtu aliyezaa akilia hivyo, aliyeolewa na huyo mtoto anainamisha kichwa tu. Nikainamisha.

Halafu, karibu na Pasaka, Daphroza akanitumia sauti yako. Nimeisikiliza mara nyingi, najua hata pale jogoo anapowika nyuma yako. Ulisema: "Mwambieni Salome anitajie jina la hayo maji, na maana yake. Watu wananiuliza mwanangu kazikwa wapi, nami nasema, huko majini. Huko majini ni wapi? Kama ndilo kaburi lake, haliwezi kukosa jina."

Ndiyo maana naandika kwa mkono na sikupiga simu. Jambo hili nataka likae kwako kwenye karatasi.

Maji yenyewe yako hivi. Chukua bahari, uivute ipite katikati ya milima, iingie bara mwendo wa kutoka Tabora mpaka Urambo, na bado isiishe. Milima imesimama huku na huku kama kuta, miamba mitupu, nayo inaingia majini bila mchanga wala majani. Sehemu nyingi huwezi hata kushuka ukanawa miguu. Maji ni ya chumvi, meusi, na yametulia mpaka mgeni anadhani ni ziwa. Wenyeji wanasema milima inaendelea chini kama ilivyo juu. Ndiyo sababu walimtafuta Deo kwa maboti, kwa wapiga mbizi na kwa mitambo, na hawakumpata. Walituambia kwa upole kwamba maji haya, kwa baridi na kina chake, mara nyingi hayarudishi mtu.

Wao wanayaita fjord. Hiyo d ya mwisho wanaiandika lakini hawaitamki. Ukisema fyuur watakuelewa.

Nilipopata sauti yako, kwanza nilitafuta neno la Kiswahili, nikwambie kwa lugha inayotukutanisha mimi na wewe. Kwenye kamusi nikakuta hori: mkono mwembamba wa bahari ulioingia nchi kavu. Nikashtuka. Kwetu Kwihara hori ni chombo cha kulishia ng'ombe, na wewe hori unayoijua ni ile ya Krismasi, alimolazwa Mtoto Yesu. Nikampigia mwenzangu mmoja wa Tanga tuliyesoma naye chuo.

"Hori ni bahari kweli, shoga yangu," akaniambia. "Kwetu ndivyo tunavyosema, na wazee wanasema neno lililetwa na Waarabu. Lakini hori ni tope na mikoko. Maji yakijaa unaingia na mtumbwi, yakipwa unaokota kaa. Hayo ya huko kwenu yenye milima, mimi siwezi kuyaita hori."

Basi nikaliacha. Hata kama lingekuwa neno lenyewe, nisingeweza kukuandikia kwamba mwanao amelala horini.

Kazini kwangu, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kuna bibi ninayemhudumia anayeitwa Ragnhild. Maisha yake yote alikuwa mwalimu wa lugha. Miguu imemkataa lakini kichwa kiko timamu, na akikusikia umekosea kutamka, anakurudisha pale pale. Asubuhi moja nikimvalisha soksi nikamwuliza.

"Bibi, fjord maana yake nini?"

"Maana yake ndiyo hiyo iko dirishani."

"Hapana. Nauliza neno lenyewe. Wale waliolianza walikuwa wanasema nini?"

Akaniangalia. Habari za Deo anazijua, kijiji kizima kinazijua. "Nani anauliza?"

"Mama mkwe wangu."

"Basi fungua pazia lote," akasema, "nione vizuri. Nisije nikamdanganya mama wa watu."

Nikafungua. Akayatazama yale maji, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Tuna neno fare," akasema. "Ni kwenda, kusafiri, kuvuka. Kutoka hapo tuna ferd."

"Safari," nikasema.

"Enhe, safari. Lakini si hii ya kwenda kutazama simba."

Nikamwambia kwetu safari haikuanza na simba. Ilianza na watu waliobeba mizigo. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea.

"Tuna ferge, ile feri unayoiona inapita. Na fjord, wale wanaochunguza asili za maneno wanasema, ni ya ukoo huo huo. Ni neno la kale sana, Salome, la kabla watu wa huku hawajajua kuandika, kwa hiyo hakuna shahidi aliyekuwepo. Lakini maana yake ya mwanzo, wanavyosema, ni mahali pa kuvukia."

"Pa kuvukia?"

"Itazame hiyo milima. Unadhani wazee wangu walipita wapi? Barabara ya kuzunguka imechimbwa mimi nikiwa mtu mzima. Maji ndiyo yalikuwa njia. Kwenda kanisani, maji. Kwenda kuoa, maji. Kupeleka maiti kaburini, maji. Hawakuyaita kwa kina chake wala kwa baridi yake. Waliyaita kwa kile walichokifanya juu yake. Hata maziwa marefu na membamba huko bara, yasiyo na chumvi kabisa, wenzetu wanayaita fjord."

Mama, badala ya kufarijika nilipandwa na hasira. Niliweka ile soksi ya pili kitandani nikasema, "Mume wangu hakuvuka, Bibi."

Angekuwa mtu mwingine angenipapasa mkono na kuniambia Deo amevuka kwenda mbinguni. Yeye akasema, "Ni kweli. Hakuvuka. Umeniuliza neno, nimekupa neno. Zaidi ya hapo sina kitu."

Nikamvalisha soksi ya pili. Nilimshukuru kimoyomoyo kwa kutoniongopea.

Lakini neno lenyewe halikuniachia. Nilikwenda nalo nyumbani, nikapika nalo. Nikakumbuka siku ile bandani kwako, mwaka nilioletwa ukweni, tulipokuwa tunachambua majani ya tumbaku mimi na wewe peke yetu. Ni siku hiyo moja tu uliyonisimulia habari za kukimbia kutoka Burundi. Ulikuwa mtoto, unatembea kidogo unabebwa kidogo. Mlipofika Ziwa Tanganyika mkakuta watu wamejaa, na mama yako akawa anauliza kila aliyemkuta: icambu kiko wapi? Nami nikakuuliza icambu ndiyo nini, kwa kuwa Kirundi sikijui. Ukanijibu, nakumbuka mpaka mikono yako ilivyokuwa inakunja jani, "Pa kuvukia. Si bandari. Ni pale tu ambapo watu wamekubaliana kwamba hapa panavukika." Kisha ukaniambia kwamba mdogo wako Yozefu alifia mtumbwini, na mtumbwi haukuweza kurudi wala kufika upesi. "Tukamwachia ziwa," ukasema. Ukachukua fungu jingine la tumbaku.

Na mimi, Mama, nimezaliwa Kwihara, juu ya njia ya misafara. Baba yangu hupenda kuonyesha watu pale nyuma ya shamba letu la karanga na kusema hapa ndipo walipopita, watu wa ukoo wetu wakiwemo, na pembe na majora ya nguo vichwani, kwenda Ujiji na kurudi pwani. Nilipokuwa mdogo nilidhani Ujiji ndiyo mwisho wa njia. Baba akaniambia hapana, Ujiji watu walipumzika tu. Njia iliingia majini ikatokea Kongo. Watu wangu waliifuata njia hiyo kwenda kwenye ziwa. Watu wako waliliacha ziwa nyuma wakaifuata njia hiyo kuja Tabora. Mimi na Deo tukakutana katikati, kwenye foleni ya chai ya chuo.

Kwa hiyo hili ndilo jibu lako. Maji yaliyomchukua mwanao kwa lugha yao ni fjord. Kwa Kiswahili ni kivuko. Kwa lugha uliyomlelea ni icambu. Mtu akikuuliza Deo yuko wapi, una neno la kumwambia, na halikutoka kwa wageni.

Ningeishia hapo, Mama, lakini najua kuna jambo jingine unaloliuliza bila kulitamka. Unauliza habari za jaketi.

Deo, kama unavyojua, alikuwa akifanya kazi kwenye vizimba vya samaki katikati ya fjord. Siku ile alikuwa anarudi kwa boti ndogo na mwenzake mmoja, Tore, mzaliwa wa hapa hapa. Upepo ukashuka kutoka mlimani ghafla, boti ikapinduka. Waliokuja kuokoa walimkuta Tore anaelea hana fahamu. Deo hawakumkuta. Walikuta jaketi lake, lile la kumzuia mtu asizame, likielea peke yake, halijachanika, vishikizo vimefunguliwa kwa mkono. Ripoti ya polisi iliandika hivyo, nami nilikusomea kwenye simu kama ilivyo.

Nasikia maneno ya huko nyumbani yalianzia hapo. Kwamba mtu mwenye akili zake havui jaketi katikati ya maji, ila kama amechoka kuishi. Kwamba ugenini kulimshinda. Daphroza ameniambia umeacha kwenda kusali jumuiya tangu siku ile mama mmoja alipouliza, mbele ya watu, kama mtu wa namna hiyo anaruhusiwa kuombewa. Mama, nilipolisikia hilo nililia kuliko siku ya msiba. Kwa sababu hata mimi nilikuwa nimejiuliza. Nililala naye, nilikula naye, nilijua alikuwa anapanga kupanda mahindi kwenye ndoo ili aone kama yataota baridini. Na bado nikajiuliza, kwa sababu ya vishikizo.

Tangu ajali nilikuwa sipandi feri. Kwenda ng'ambo nilizunguka kwa basi, kwenye mahandaki waliyotoboa milimani, nusu siku nzima kwa safari ambayo feri inaimaliza chai ikiwa bado ya moto. Sikutaka kuwa juu ya maji yale. Lakini baada ya maneno ya Bibi Ragnhild nilijiambia, kama ni mahali pa kuvukia, basi nivuke. Nisije nikamwandikia Mama jina la kitu ninachokikimbia.

Ilikuwa Jumapili mchana. Imakulata alikuwa kwa rafiki yake. Nikateremka gatini peke yangu, nikapita katikati ya magari, nikapanda ngazi za chuma mpaka juu kwenye upepo. Na pale, ameegemea chuma cha pembeni, alikuwa amesimama Tore.

Tore hakuwahi kuja kwangu. Alikaa hospitali muda mrefu, na alipotoka alikuwa akiniona dukani anaacha kikapu na kuondoka. Polisi walipomhoji alisema anakumbuka baridi tu. Sikumlaumu, lakini nilikuwa nimeacha kumsalimia. Siku hiyo feri ilikuwa imeshaachia gati. Hakuwa na pa kukimbilia, wala mimi.

"Salome," akasema.

"Tore."

"Wewe hupandi feri."

"Leo nimepanda."

Vizimba vilikuwa vinaonekana kwa mbali, duara nyeusi juu ya maji. Nikamwuliza anakwenda kufanya nini ng'ambo.

"Sina cha kufanya. Kila Jumapili navuka, halafu narudi." Akavua kofia, akaikunja mikononi. "Kumbukumbu zimenirudia. Zilikuja vipande vipande. Nilikuwa naogopa kukuletea kitu ambacho ni ndoto ya homa. Sasa najua si ndoto. Nimeshindwa tu kuja mlangoni kwako."

"Huu hapa ndio mlango," nikamwambia. "Sema."

Nakuandikia alivyosema, Mama, bila kuongeza.

Alisema boti ilipopinduka, yeye alibaki chini yake. Kamba ya vizimba ilikuwa imemzonga mguu na kumshikilia pale ndani, kichwa kikiwa kwenye upenyo mdogo wa hewa uliobaki, maji yakipanda. Deo alikuwa nje, anaelea.

"Alikuwa salama, Salome. Angetulia vile vile na jaketi lake wangemkuta. Aligonga boti, nami nikagonga kutoka ndani. Akajaribu kuzama anifikie, jaketi likamrudisha juu. Akajaribu tena, likamrudisha tena. Nilimsikia anaongea peke yake, si Kinorwei. Halafu kimya. Nikajua ameondoka, nikasema moyoni afadhali, angalau yeye. Halafu uso wake ukatokea humo ndani, karibu na wangu, chini ya boti. Hakuwa na jaketi."

"Akasema nini?"

"Akauliza, mguu? Nikamwonyesha. Akazama. Nikahisi mikono yake ikihangaika na fundo. Ilikuwa imeshakuwa mizito kwa baridi, inateleza, lakini haikuacha. Kamba ikalegea. Nikajisukuma nje, jaketi langu likanivuta juu. Nikamwita. Nikamwita tena. Baada ya hapo sikumbuki."

Nilikuwa nimeshika kile chuma cha pembeni bila glavu, vidole vikawa kama si vyangu. Nikamwuliza ile lugha aliyoisikia ilikuwaje, kama kuna neno lolote alilolishika.

"Moja," akasema. "Alilirudia. Mawe. Mawe."

Kwanza nilielewa kwa Kiswahili, nikajiuliza mawe gani, mwamba upi. Kisha nikalitambua. Mama, mimi Kirundi sikijui, lakini neno hilo nimelisikia kwenu kila mtu anapojikwaa, kila mtu anapoungua na sufuria, kila mtu anapopata uchungu wa kuzaa.

Mwanao alikuita wewe.

Nilimwambia Tore kwamba maana yake ni mama. Akakaa chini, pale pale kwenye sakafu ya chuma, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, akalia kwa sauti. Nami nikakaa kando yake. Watu waliokuwa wakipita walitazama pembeni, kwa heshima. Feri ikagusa ng'ambo, magari yakatoka, mengine yakaingia. Sisi hatukushuka. Tulirudi nayo.

Karibu na gati akaniambia, "Sijui nikuombe nini."

"Usiniombe. Nenda polisi ukawaambie ulichoniambia. Mwambie na padri. Halafu uniruhusu nimwandikie mama yake."

"Mwandikie," akasema. "Mwandikie na jina langu, ajue ni nani anayeishi."

Alikwenda kesho yake asubuhi. Ripoti imerekebishwa, na nakala nimeifunga pamoja na barua hii. Nitawatafsiria kwa simu tukiwa wote watatu, ila maneno ya mwisho yanasema hivi: alivua jaketi lake ili aweze kumwokoa mwenzake. Padri anayekuja kututembelea huku amemsomea Deo misa, na Tore, ambaye kanisani huonekana Krismasi tu, alikaa benchi la mbele nami. Kwenye uwanja wa kanisa la kijiji kuna jiwe kubwa lenye majina ya wale ambao bahari haikuwarudisha, wengine wa zamani hata herufi zimefutika. Wazee wa hapa walikaa wakakubaliana jina la Deo liandikwe pamoja na ya watoto wao. Fundi aliniuliza marehemu ni wa wapi. Nikamwambia Ulyankulu. Alinirudisha mara mbili nimwandikie herufi moja moja, asikosee.

Kwa hiyo Mama, nakuomba, rudi jumuiya. Keti mahali pako pale pale ulipokuwa ukikaa. Usimjibu yule mama kwa hasira. Mwambie Daphroza asome ukurasa huu mbele yao, kisha muanze sala. Mwombee Deo kwa sauti, kwa jina lake lote la ubatizo. Na kama ulisema hutaanua matanga mpaka ujue mwanao yuko wapi na alikwendaje, sasa unajua.

Mimi sijapona. Sitaki kukudanganya kwamba feri imeniponya. Siku nyingine napanda nikiwa na nguvu, siku nyingine nafika gatini narudi. Lakini nimepata kazi ng'ambo, kwenye zahanati, na nimeikubali, kwa hiyo nitalazimika kuzoea. Imakulata nimemweleza yote, kwa maneno ya umri wake. Aliuliza kama yule mzee Tore ni ndugu yetu sasa. Nikamwambia sijui, tumwulize Bibi wa Ulyankulu.

Shule huku zikifungwa, tutakuja. Nimeshaomba ruhusa kazini, nimeipata. Tutashukia Tabora, tulale Kwihara kwa Baba usiku mmoja, kisha tuje kwako Ulyankulu. Usihangaike na kitanda, tutalala nawe chini kama zamani. Ugali wa muhogo na mlenda ndiyo hamu yangu, kingine chochote ni nyongeza.

Nisalimie baba mdogo, mwambie redio yake nimeipata. Nisalimie mama mkubwa wa Urambo na binti zake. Mwalimu wa katekesi aliyemfundisha Deo komunyo ya kwanza, mpe habari hizi wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, alimpenda. Jirani yetu aliyekuwa akikuchotea maji wakati mguu umevimba, mwambie sijamsahau. Na ukipata mtu wa kwenda Kwihara, mfikishie Baba yangu habari kwamba mkweo amekuandikia na kwamba tuna amani.

Nguo za Deo sikuzigawa kwa mtu. Walinishauri hapa nizipeleke dukani kwa wanaouza mitumba, nikakataa. Nakuja nazo zote kwenye begi moja, uzitandike uani na uzigawe wewe kwa mkono wako, kwa wadogo zake na kwa yeyote utakayemwona anafaa. Ila kuna sweta moja la kijivu, la kazini, lenye kiwiko kilichoshonwa. Alilivua asubuhi ile akalitundika nyuma ya mlango, akasema leo si baridi sana. Hilo sikulifua, Mama. Hilo usimpe mtu.

Mimi mkweo, mwanao,
Salome, mama Imakulata